Daktari wa Mifugo Anajibu: Chanjo ya Kuzuia Mimba Iliyofichwa Ndani ya Chambo

Katika toleo lililopita niligusia kwa aya chache jitihada za wanasayansi za kutengeneza chanjo ambayo mnyama wa porini ataila mwenyewe ndani ya chambo, kisha asishike mimba kwa msimu mmoja au zaidi. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko nilivyotazamia, na baadhi zilibeba wasiwasi ambao si haki kuupuuza. Nimechagua saba kati ya hizo. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Mwalimu wa biolojia, Tanga, anauliza: Huwafundisha wanafunzi wangu kwamba chanjo huukinga mwili dhidi ya ugonjwa. Mimba si ugonjwa. Je, chanjo hii inamkinga mnyama dhidi ya nini hasa?

Jibu: Mwalimu, unachowafundisha wanafunzi wako ni sahihi, ila kuna hatua moja ya kuongeza. Chanjo yoyote huufundisha mwili kulitambua umbo fulani na kulitengenezea kingamwili. Kwa kawaida umbo hilo ni la kirusi au bakteria. Watafiti wa uzazi walijiuliza itakuwaje iwapo umbo litakalofundishwa ni la kitu ambacho uzazi hauwezi kuendelea bila hicho, na majibu yao yameelekea zaidi kwenye shabaha mbili.

Shabaha ya kwanza ni yai. Kila yai la mamalia limezungukwa na ganda laini la protini na sukari liitwalo zona pelusida, na mbegu ya kiume haina budi kujishikiza kwenye ganda hilo kabla ya kupenya. Protini za ganda hilo huchukuliwa kutoka katika ovari za nguruwe zinazopatikana machinjioni. Farasi jike akidungwa protini hizo, mwili wake hutengeneza kingamwili ambazo hulipaka ganda la mayai yake mwenyewe, na mbegu ikifika haipati pa kujishikiza. Homoni zake hazibadiliki, na huendelea kupata joto kama kawaida. Njia hii ilianza kujaribiwa mwaka 1988 kwa farasi mwitu wa kisiwa cha Assateague, pwani ya mashariki ya Marekani, ambako dawa hurushwa kwa bunduki ya sindano bila kumkamata mnyama.

Shabaha ya pili iko juu zaidi, kwenye amri yenyewe ya uzazi. Chini ya ubongo hutoka homoni ndogo mno, yenye amino asidi 10 tu, ambayo huiamrisha tezi ya pituitari kuamsha ovari kwa jike na korodani kwa dume. Kingamwili zikiinasa homoni hiyo njiani, yai halipevuki na mbegu hazitengenezwi. Tatizo ni kwamba homoni hiyo ni ndogo na ni ya mwili wenyewe, kwa hiyo kinga haioni sababu ya kuishambulia. Wataalamu huifunga kwenye protini kubwa na ngeni kabisa, mara nyingi ile itokayo kwenye damu ya konokono wa baharini, ili kinga inapomshambulia mgeni impige na huyo aliyefungwa mgongoni. Chanjo ya aina hii, iitwayo GonaCon, ilisajiliwa Marekani mwaka 2009 kwa ajili ya paa wenye mkia mweupe. Utaona, Mwalimu, kwamba zote mbili nilizozitaja ni za sindano.

Mwanafunzi wa tiba ya wanyama, Morogoro, anauliza: Shikamoo Daktari. Ikiwa sindano imefaulu tangu zamani hivyo, kwa nini chanjo ya kula imekuwa ngumu? Watoto wetu hupewa matone ya polio mdomoni, na tumesoma darasani kwamba mbweha wa Ulaya walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kwa chambo.

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Swali lako ndilo moyo wa jambo hili lote, kwa hiyo nitakaa hapa kuliko kwingine.

Anza na tumbo. Kazi yake ni kuvunjavunja protini. Asidi huikunjua protini iliyokuwa imejikunja kwa umbo lake maalumu, kisha pepsini, na baadaye tripsini katika utumbo mwembamba, huikatakata mpaka vikabaki vipande visivyotofautiana na vya maharage ya jana. Kingamwili hutambua umbo, na umbo likishapotea hakuna kilichobaki cha kuifundishia kinga. Sindano huikwepa safari hiyo yote kwa kuiweka dawa moja kwa moja kwenye msuli.

Kikwazo cha pili, kwa maoni yangu, ni kikubwa kuliko cha kwanza, ingawa hutajwa kwa nadra. Tuseme tumeifunika protini ndani ya chembe zisizoyeyuka kwenye asidi, nayo ikafika salama kwenye utumbo mwembamba. Huko inakutana na walinzi waliozoea kusamehe. Utumbo wa mnyama hupokea protini ngeni kila siku, za majani, nafaka, wadudu au nyama, na lau kinga ingetangaza vita dhidi ya kila mgeni apitaye humo, mnyama angeangamia kwa kula tu. Kwa sababu hiyo kinga ya utumbo hunyamaza mbele ya chochote kinachofanana na chakula. Chanjo ya kula inapaswa kufika kwenye vile viraka vya tishu za kinga vilivyo katika ukuta wa utumbo, ambavyo umevisoma kwa jina la viraka vya Peya, na papo hapo ipige ukelele wa hatari. Ndiyo maana inahitaji kikolezo, kwa mfano ile sehemu ya sumu ya kipindupindu ambayo haina madhara yenyewe lakini huishtua kinga. Bila ukelele huo, dozi ndogondogo za mara kwa mara zinaweza kumfanya mnyama aizoee protini ile zaidi kuliko mwanzo, na hapo tutakuwa tumemfundisha kinyume cha tulichokusudia.

Ongeza na hili: protini tunayotaka ishambuliwe ni ya mwili wake mwenyewe, au inafanana nayo sana. Mwili umefundishwa tangu kabla ya kuzaliwa kuvumilia vilivyo vyake, na utumbo umefundishwa kuvumilia vinavyoliwa. Chanjo ya uzazi ya kula inaomba mwili uvunje desturi hizo mbili kwa wakati mmoja. Kisha kingamwili ambazo utumbo hupenda kutengeneza ni zile zinazobaki kwenye utando wenye ute, ilhali ili kuinasa homoni ya uzazi tunahitaji kingamwili nyingi zinazoelea kwenye damu, na zidumu kwa miezi.

Sasa turudi kwenye mifano yako. Matone ya polio yana virusi hai vilivyodhoofishwa, na virusi hivyo huzaliana ndani ya utumbo wa mtoto, kwa hiyo tone moja huwa jeshi. Kinga haiwezi kuwachukulia kama chakula. Chanjo ya mbweha nayo ilikuwa na virusi hai. Uswisi ilianza kuisambaza mwaka 1978, ikiwa kwenye vifuko vidogo ndani ya vichwa vya kuku vilivyotupwa katika bonde la mto Rhône, na mwaka 1999 nchi hiyo ikatangazwa kuwa huru na kichaa cha mbwa. Zingatia jambo ambalo wengi hulipita: chanjo ile haifanyi kazi tumboni. Mbweha akiuma kifuko, kioevu kinamwagika mdomoni na kulowesha tonsili, na virusi vinaingilia hapo kabla havijaionja asidi. Akimeza kifuko kizima bila kukitoboa, chanjo imepotea. Kwa hiyo mifano yote miwili inatufundisha kwamba kinachofaulu kwa njia ya mdomo ni kilicho hai, na chanjo yetu ya uzazi, katika umbo lake la kawaida, ni protini iliyokufa.

Watafiti hawakukata tamaa. New Zealand, ambako posamu, mnyama mwenye mfuko wa kubebea mtoto, aliyeletwa kutoka Australia katika karne ya 19 kwa ajili ya manyoya sasa anakula misitu ya asili na kuwaambukiza ng'ombe kifua kikuu, ndiko ninakokuona kama shule kubwa ya jambo hili. Huko walijaribu viazi na karoti zilizopandikizwa jeni ili zitengeneze protini ya ganda la yai la posamu, kwa kuwa ukuta wa seli ya mmea huikinga protini kwa kiasi fulani isimeng'enywe mapema. Walijaribu pia maganda matupu ya bakteria, yaani bakteria waliotobolewa wakamwagika vilivyomo ndani, wakabaki ngozi tu. Ngozi hiyo bado inatisha machoni pa kinga, hivyo inabeba kikolezo chake yenyewe, ilhali haiwezi kuzaliana. Kwangu mimi hilo ni wazo zuri kupita yote niliyoyasoma katika uwanja huu: linaipatia chanjo ukelele wa hatari bila kuachilia kiumbe hai porini. Hata hivyo, kutoka kwenye kingamwili zinazopimwa maabara hadi kwenye posamu asiyezaa msituni ni safari ambayo bado haijakamilika.

Msomaji wetu aishiye Uingereza anauliza: Hapa nilipo watu wanazungumza juu ya kuwapa kindi wa kijivu chanjo hiyo ndani ya masanduku ya chakula. Kwa nini kindi, na watawazuiaje wanyama wengine wasile?

Jibu: Ndugu yangu, kindi wa kijivu si mwenyeji wa huko. Aliletwa kutoka Amerika Kaskazini, na kuachiliwa kwake kwa mara ya kwanza kunakokumbukwa ni kwa mwaka 1876, katika shamba la Henbury Park huko Cheshire. Tangu hapo amemsukuma kindi mwekundu, ambaye ndiye mwenyeji, mpaka kwenye pembe za nchi. Anabeba ndui ya kindi, ambayo yeye haimsumbui sana ilhali yule mwekundu humuua. Tena anabandua magome ya miti michanga, na mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hukauka.

Kazi ya kutafuta chambo inafanywa na watafiti wa wakala wa serikali unaoshughulikia afya ya wanyama na mimea, kwa ufadhili ulioratibiwa na muungano wa taasisi uitwao UK Squirrel Accord. Shabaha yao ni homoni ile ya amino asidi 10 niliyomweleza Mwalimu wa Tanga. Hapo ndipo swali lako la pili linapokuwa zito, kwa sababu homoni hiyo inafanana karibu katika mamalia wote. Chanjo itakayomzuia kindi wa kijivu kuzaa inaweza kumzuia na yule mwekundu tunayetaka kumwokoa, pamoja na panya wa msituni na yeyote mwingine atakayeila. Dawa haichagui, kwa hiyo sanduku ndilo linalopaswa kuchagua.

Walichofanya ni kutumia uzito. Kindi wa kijivu aliyekomaa huwa na uzito wa gramu 500 au zaidi, na mwekundu huwa karibu gramu 300. Mlango wa sanduku hutengenezwa ili usifunguke mpaka mnyama mzito wa kutosha awe ameegemea. Kisha wakataka kujua ni kindi wangapi hasa wanaokula. Wakachanganya rangi iitwayo rodamini na siagi ya njugu za hazeli. Rangi hiyo huingia kwenye nywele zinazoota, na ukichunguza unywele chini ya mwanga maalumu unaona mstari unaong'aa. Kwa njia hiyo kindi aliyekamatwa anaonyesha kwa manyoya yake kwamba alikula, na hata kwamba alirudi tena. Ninawasifu kwa kuanza na sanduku na chakula kabla dawa haijakamilika, maana chanjo bora kabisa isiyoliwa na jike wa kutosha haibadilishi idadi yoyote msituni.

Mhandisi wa maji, Nairobi, anauliza: Kwa nini wahangaike na chambo? Si wangeweza kukiweka kitu hicho ndani ya kirusi kinachoambukiza, kikasambaa chenyewe kutoka mnyama hadi mnyama?

Jibu: Wazo hilo lilifanyiwa kazi kwa bidii kubwa, na Australia ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1992 kituo cha ushirikiano wa utafiti kiliundwa huko kwa ajili hiyo, kikiwalenga sungura, mbweha na panya wadogo wa nyumbani, wote wakiwa wageni walioletwa na meli za Wazungu. Kwa sungura walifikiria kirusi cha miksoma, kwa panya wakatumia virusi vya panya wenyewe, wakavipandikiza jeni ya protini ya ganda la yai. Mbweha walibaki kwenye mpango wa chambo. Maabarani panya jike walioambukizwa virusi hivyo walikosa kuzaa kwa muda mrefu. Hiyo haikuwa ndoto. Kilichoshindikana ni kusambaa, kwa sababu kirusi kilichobebeshwa mzigo wa ziada kilipoteza uwezo wake wa kuambukiza, na porini hushindwa na ndugu zake wasiobeba chochote.

Katika kazi hiyohiyo, huko Canberra, likatokea jambo ambalo kila anayependekeza njia hii anapaswa kulijua. Watafiti walitaka kuongeza nguvu ya kingamwili, wakaingiza kwenye kirusi cha ndui ya panya jeni moja ya panya inayotengeneza kiashirio cha kinga kiitwacho intalukini-4. Walitarajia kingamwili zaidi. Badala yake kiashirio hicho kilizima ule upande wa kinga unaoua seli zilizoambukizwa, na panya wa ukoo unaojulikana kuuhimili ugonjwa huo kwa asili wakafa. Hata baadhi ya waliokuwa wamechanjwa walikufa. Taarifa ilichapishwa mwaka 2001, nayo ilizua mjadala mkali duniani, kwa kuwa ndui ya panya ni jamaa wa ndui ya binadamu. Hawakukusudia ubaya wowote. Walikuwa wakitafuta njia ya upole ya kupunguza panya katika mashamba ya ngano.

Nina sababu nyingine ya kuipinga njia hii, na sababu hii haihitaji ajali yoyote. Posamu anayehesabiwa kuwa balaa New Zealand ni mnyama anayelindwa kwa sheria nyumbani kwake Australia. Kirusi cha utasa kikiachiliwa upande mmoja wa bahari kinahitaji abiria mmoja tu, au mtu mmoja mwenye nia mbaya, kufika upande wa pili, na hakuna atakayeweza kukiita kirudi. Chambo kikiwa na kasoro kinaokotwa, au kinaoza. Kwa hiyo, ndugu mhandisi, kuhangaika na chambo ndiko kunakotuachia nafasi ya kusimama tunapoona tumekosea.

Mama mfugaji, Machakos, anauliza: Daktari, nimesikitika kusoma habari hizi. Je, mtu akila nyama ya mnyama aliyepewa chanjo hiyo, hatakuwa tasa yeye na watoto wake? Huku kwetu tumeshasikia mengi juu ya chanjo.

Jibu: Mama, nimelielewa sikitiko lako, na ningependa ulipate jibu kamili badala ya kuambiwa tu usiogope.

Rudi kwenye yale niliyomweleza mwanafunzi wa Morogoro. Wanasayansi wametumia miaka mingi na fedha nyingi wakijaribu kuifanya chanjo hii ifanye kazi kwa kuliwa, na kinachowakwamisha ni tumbo, linaloivunja protini na kuigeuza chakula. Tumbo hilohilo analo mwanao. Chanjo ya uzazi ya protini si homoni ya kidonge, ambayo humezwa ikabaki ilivyo. Na kingamwili zilizo ndani ya nyama ni protini vilevile, hupikwa, humeng'enywa na kwisha. Tunao pia ushahidi wa mezani. Mwaka 1998 Australia iliidhinisha chanjo ya sindano inayozuia homoni ya uzazi kwa nguruwe dume, ili nyama yao isiwe na ile harufu kali ya dume bila kuwahasi kwa kisu. Nchi nyingi zimeifuata, na nyama hiyo huliwa na watu hadi leo.

Hatari iliyopo ya kweli iko kwa mtu anayedunga, nami sitaificha. Sindano ya aina hiyo ikimchoma mhudumu kwa bahati mbaya, dawa huingia mwilini mwake bila kupita tumboni, na inaweza kuathiri uzazi wake kwa muda, awe mwanamume au mwanamke; ndiyo maana bomba zake hutengenezwa na kinga ya ncha, na aliyejichoma mara moja haruhusiwi kuishika dawa hiyo tena. Chanjo itakayokuwa na kiumbe hai ndani yake, kama bakteria aliyedhoofishwa, itahitaji uchunguzi wa peke yake kabla ya kukaribia mahali ambapo watoto huokota vitu. Hilo una haki ya kumdai yeyote atakayekuja kijijini kwenu na chambo cha aina yoyote, tena mdai kwa maandishi na kwa lugha unayoielewa.

Mwongoza watalii, Arusha, anauliza: Je, njia ya kula ingeweza kutumika kwa tembo?

Jibu: Sioni kama kuna haja. Afrika Kusini ilianza kuwajaribu tembo wa Kruger kwa chanjo ya ganda la yai mwaka 1996, na katika hifadhi ndogo yenye uzio ya Makalali imetumika tangu mwaka 2000, kwa sindano inayorushwa kutoka kwenye gari au helikopta. Tembo hubeba mimba kwa miezi 22, ni mkubwa, anaonekana, na mtu anayewajua anaweza kumtambua kila jike kwa masikio yake. Sindano moja kwa mwaka kwa jike anayejulikana ni kazi inayowezekana. Njia ya kula ni kwa wanyama wadogo, wengi na wasioonekana. Tena tembo wetu wa Tanzania na Kenya wengi wao hawaishi ndani ya uzio, na shida yao kubwa ni njia zao za kupita zilizozibwa, ambazo chanjo haiwezi kuzifungua.

Mkulima wa mahindi, Kilosa, anauliza: Panya wametumaliza. Nimefikiria kusaga vidonge vya uzazi wa mpango na kuvichanganya na pumba. Je, nifanye hivyo, au nisubiri hiyo chanjo?

Jibu: Ndugu yangu mkulima, usifanye la kwanza, na usingoje la pili.

Nianze na chanjo. Panya shamba, yule anayewafukulia mbegu, hubeba mimba kwa siku zipatazo 23 na huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja. Chanjo yoyote huhitaji wiki kadhaa kabla kingamwili hazijafikia kiwango cha kuzuia mimba, na mara nyingi huhitaji dozi ya pili. Katika muda huo jike ameshazaa, na mabinti zake wanakaribia kuzaa. Porini wengi wao hawafikishi mwaka mmoja, hivyo hata kinga inayodumu miaka mitatu inakuwa zawadi kwa mnyama ambaye hatakuwepo. Kwa panya ninaamini njia ya chanjo si ya kwanza kutegemewa, na nasema hivyo nikiwa mtu anayeitamani ifaulu kwa wanyama wengine.

Vidonge ni habari nyingine, kwa kuwa homoni ni molekuli ndogo zinazovuka utumbo bila kuvunjwa. Si wewe wa kwanza kulifikiria. Hapo karibu nawe, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimechunguza chambo chenye homoni mbili, kwinestroli na levonogestreli, kwa panya shamba na kwa panya wa nyumbani, na homoni hizo zilionyesha uwezo wa kudhoofisha uzazi wa majike na madume. Lakini wale wanapima dozi, wanapima muda, na wanachunguza nini kinabaki kwenye udongo na ndani ya ndege anayekula panya. Pumba zako zitaliwa na kuku wako, na kuku wako wataliwa na familia yako. Na homoni, tofauti na ile protini niliyomweleza Mama wa Machakos, haimalizwi na jiko wala na tumbo. Vidonge hivyo virudishe kliniki.

Mbegu ya mahindi hufukuliwa zaidi katika zile wiki mbili za kwanza baada ya kupandwa, kabla mche haujashika. Zungumza na wenye mashamba yanayopakana na lako mpande katika wiki moja, ili panya wasihame kutoka shamba lililokwisha kuota kwenda kwa aliyechelewa. Fyekeni kingo za mashamba na nyasi za njiani kabla ya kupanda, na tegeni mitego yenu kwa pamoja kuanzia siku kadhaa kabla ya mbegu kuingia ardhini. Mkulima anayetega peke yake huwapisha tu panya wa jirani. Ukiona mvua za Novemba na Desemba zimekuwa nyingi kuliko kawaida, basi muonane mapema na afisa kilimo wa kata, kwa sababu miaka ya namna hiyo ndiyo ambayo panya shamba huanza kuzaana kabla ya wakati wao na kuwa wengi kupita kiasi mavuno yanapokaribia.